Kambi chini ya redwudi: swali la dubu lisubiri kidogo

Swali la kwanza huwa ni dubu. Mzazi wa Nairobi anayejiandaa kumtembelea binti yake Sacramento anauliza dubu. Muuguzi Mtanzania wa Oakland aliyepata siku nne za mapumziko anauliza dubu. Mwanafunzi kutoka Goma aliyealikwa na wenzake wa chuo anauliza dubu, halafu puma, halafu nyoka. Hakuna anayeuliza habari ya soksi.

Wageni wengi wanaolala kwenye misitu mikongwe ya redwudi, kaskazini mwa California, hawarudi na kisa cha dubu. Wanarudi na kisa cha hema lililolowa usiku ambao mvua haikunyesha, cha kambi iliyojaa miezi mitano kabla hawajafika, na cha ndege wa bluu aliyenyakua kipande cha chapati mezani huku kila mtu akicheka. Hicho cha chapati ndicho kizito kuliko vyote, na kitafikiwa mahali pake.

Ushauri huu ni wa mtu ambaye hajawahi kulala hemani Marekani, ana gari au rafiki mwenye gari, na hataki kumaliza akiba yake kwenye duka la vifaa.

## Kwanza, ni msitu upi?

Kosa la kwanza hufanyika kabla gari halijawashwa. California ina miti mikubwa ya aina mbili, na watu huichanganya kila mwaka:

- Redwudi wa pwani. Huu ndio mti mrefu kuliko yote duniani. Humea kwenye ukanda mwembamba wa ukungu kando ya Pasifiki. Mrefu kuliko wote, ambao watafiti waliupa jina Hyperion mwaka 2006, unapita mita 115.
- Sekwoya kubwa. Ni nene ajabu lakini fupi kuliko redwudi. Iko milima ya Sierra Nevada, mbali na bahari. Mti maarufu wa General Sherman ni wa aina hii.

Anayeandika "Sequoia" kwenye ramani ya simu atapelekwa mamia ya kilomita kusini-mashariki mwa msitu anaoutaka. Ni msitu mzuri, ila siyo huu.

Kwa kipimo cha nyumbani: mwaka 2016 watafiti walitangaza mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika, kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro. Una mita 81.5 na ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Hyperion unauzidi kwa zaidi ya mita 30.

Msitu mkongwe maana yake ni msitu ambao shoka halikuupitia. Wa redwudi umebaki takriban asilimia 5 tu ya ule uliokuwapo kabla ya ukataji wa karne ya 19 na ya 20. Sehemu kubwa ya mabaki hayo iko kwenye hifadhi za Redwood, karibu na mpaka wa jimbo la Oregon: hifadhi moja ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1968, na tatu za jimbo ambazo ni za zamani zaidi, yaani Prairie Creek, Del Norte Coast na Jedediah Smith. Tangu 1994 zinaendeshwa kwa pamoja. Kutoka San Francisco ni zaidi ya kilomita 500 za barabara, nyingi zikiwa na kona, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo isifikiriwe.

## Nafasi ya kambi: miezi sita kabla

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mgeni hufungua tovuti ya serikali kuu ya Marekani, hatafuti tena, na kuhitimisha kwamba hakuna mahali pa kulala. Sababu ni kwamba kambi zote nne zinazofikika kwa gari ni mali ya jimbo la California, na nafasi zake hukatwa kwenye tovuti ya ReserveCalifornia. Dirisha hufunguliwa miezi sita kabla ya tarehe ya kufika, na kwa wikiendi za Julai na Agosti nafasi huisha upesi.

Kambi zenyewe, kwa maneno machache:

- Jedediah Smith: hema linasimama katikati ya miti mikongwe, kando ya mto Smith wenye maji ya kijani kibichi. Kama ni usiku mmoja tu, chagua hapa.
- Elk Prairie: iko ukingoni mwa uwanda wa nyasi ambako elki, kulungu wakubwa, hulisha. Njia nyingi za kutembea huanzia mlangoni.
- Gold Bluffs Beach: kwenye mchanga, upepo mkali, nafasi chache. Hakuna mti mrefu wa kukukinga. Wapenda bahari huiota mwaka mzima.
- Mill Creek: iko kwenye msitu uliowahi kukatwa na kuota upya, na hufunguliwa kwa msimu. Mara nyingi ndiyo yenye nafasi wengine wakikosa.

Utaratibu wa kukata nafasi:

1. Chagua usiku wa Jumapili hadi Alhamisi. Tofauti na wikiendi ni kubwa mno.
2. Soma urefu wa gari unaoruhusiwa kwenye nafasi husika kabla ya kulipa.
3. Hesabu watu. Nafasi moja kwa kawaida huchukua wasiozidi wanane. Familia zetu hazijui kusafiri watu watatu. Kama ni ukoo mzima na shemeji zake, kata nafasi mbili zinazopakana mapema, maana siku ya kufika hakuna wa kumbembeleza.
4. Ukikosa, rudi kutazama kila asubuhi. Watu hufuta safari, na nafasi hurudi sokoni kimyakimya.
5. Pakua ramani na risiti kwenye simu, au zichapishe. Ndani ya msitu mtandao haupo sehemu nyingi, na mlinzi wa lango hatangoja simu yako itafute mawimbi.

Anayetaka kubeba hema mgongoni na kulala porini anahitaji kibali cha ziada. Kwa safari ya kwanza haifai. Jifunze kwanza kulala hatua kumi kutoka kwenye gari.

Je, kulala garini pembeni ya barabara bila kulipa? Hapana. Askari wa hifadhi hupita usiku, hugonga kioo, na faini ni kubwa kuliko bei ya nafasi.

## Pamba iache nyumbani

Jina California huwadanganya watu. Wanafikiria jua, fulana na kandambili. Kwenye ukanda wa redwudi joto hukaa kati ya nyuzi 4 na 16 hivi mwaka mzima, na Julai ni mwezi wa ukungu. Watu wa Lushoto, Njombe na Limuru wataelewa upesi: ni baridi ile ile ya asubuhi yenye mvuke mdomoni, tofauti ni kwamba hapa inaweza kudumu mpaka mchana.

Ukungu huo ndio chakula cha msitu. Kiangazi mvua hukatika, na miti hunasa mvuke wa bahari kwa majani yake, unageuka matone, unadondoka chini. Watafiti wamekadiria kwamba takriban theluthi ya maji yanayoingia msituni kwa mwaka hutokana na ukungu. Mti hujinyeshea wenyewe, na aliyelala chini yake hunyeshewa pia. Ndiyo siri ya lile hema lililolowa bila mvua.

Nguo ya pamba ikilowa hunata mwilini, haikauki, na huvuta joto la mwili. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Badala yake:

- soksi za sufu, jozi tatu. Moja isivaliwe popote ila ndani ya mfuko wa kulalia
- fulana ya ndani ya sufu au ya nailoni inayokauka haraka
- sweta nene, na koti la mvua lenye kofia juu yake
- suruali nyepesi isiyo jinzi
- viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Buti jipya lililonunuliwa jana huleta malengelenge kilomita ya tatu
- kofia ya kufuma, hata Agosti

Hakuna haja ya kununua vyote. Maduka ya mitumba ya Marekani yamejaa sweta za sufu na makoti ya mvua kwa bei ya sahani ya chipsi, na vyuo vingi hukodisha hema na mifuko ya kulalia kwa wanafunzi wao. Kitu kimoja kisichofaa kubaniwa ni godoro la kutandika chini. Baridi ya usiku hutoka ardhini. Mgeni aliyebeba blanketi nne na kulala juu ya turubai tupu atatetemeka mpaka alfajiri, akijiuliza amekosea wapi.

Kati ya Oktoba na Aprili mvua halisi hunyesha, na nyingi. Kama hujawahi kusimika hema, msimu huo uache.

## Kusimika hema

Fika kabla ya saa kumi jioni. Chini ya miti hiyo giza huingia mapema kuliko mahali pa wazi, na hema la kukopa lina fito ambazo hujawahi kuzipanga. Lisimike mara moja uani kwako kabla ya safari, ujue kama kigingi kimoja kimepotea.

Kisha, kabla ya kutandika turubai, tazama juu. Redwudi huangusha matawi, na tawi lililotoka urefu wa ghorofa 20 haliombi radhi. Sogea mbali na tawi lililokauka au lililoning'inia. Mti mzima nao huanguka mara mojamoja: Machi 1991 mti mkubwa wa Dyerville, uliopita mita 110, ulianguka katika hifadhi ya Humboldt Redwoods, na mlio wake ulisikika mbali kiasi kwamba aliyeusikia alidhani treni imepata ajali. Bado umelala pale, na watoto hupenda kutembea kandokando ya mwili wake wakihesabu hatua. Siku ya upepo mkali, kaa pwani au mjini.

Baki ndani ya eneo lililosafishwa la nafasi yako. Ardhi laini yenye makangaga pembeni inavutia, lakini mizizi ya redwudi haiendi chini sana, mita tatu au nne tu, ila husambaa hadi mita 30 kila upande. Kila anayekanyaga anaushindilia udongo ambao mizizi hiyo inapumulia.

## Meza na makombo

Sasa chapati.

Meza ya kambi ni ya mbao nzito, imelowa kidogo. Jiko la gesi linaunguruma. Kabla chai haijachemka, anatua ndege mwenye kishungi cheusi na mwili wa bluu iliyokolea, anaruka mara mbili, anainamisha kichwa upande. Huyo ni jay wa Steller. Ana ujasiri wa kunguru wa Dar es Salaam, na ni wa ukoo mmoja naye. Mtoto anamrushia kipande. Anakinyakua, anapotea, anarudi na wenzake wawili. Kila mtu anacheka, simu zinatolewa.

Juu kabisa, pengine mita 50 kutoka kwenye meza hiyo, kwenye tawi pana lililotandikwa kuvumwani, huenda kuna yai moja. Ni la ndege wa baharini aitwaye marbled murrelet, mdogo kuliko njiwa, ambaye huvua samaki Pasifiki mchana kutwa na kuja kutaga ndani ya misitu mikongwe. Alijificha vizuri kiasi kwamba kiota chake hakikujulikana hadi 1974, pale mpanda miti mmoja alipokikuta kwa bahati katika hifadhi ya Big Basin, kusini mwa San Francisco. Hajengi kiota cha vijiti. Anahitaji tawi la mti wa kale, nene la kutosha kuwa sakafu. Hutaga yai moja tu kwa msimu. Tangu 1992 yumo kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa kisheria.

Jay na kunguru hula mayai na makinda yake. Kambi yenye makombo huwavuta, wanaongezeka kuliko msitu wenyewe ungeweza kuwalisha, na wakishamaliza chapati huzunguka matawini kutafuta kingine. Tatizo lilifika mahali ambapo watafiti walipaka mayai madogo ya kuku rangi ya mayai ya murrelet, wakayatia dawa ya kutapisha na kuyatega msituni, ili jay akionja mara moja aliogope yai la rangi hiyo maisha yake yote.

Kwa hiyo sheria ya meza ni kali, na haina udugu:

- Chakula kisichoko mkononi au mdomoni kiwe kimefungiwa. Si "nakuja sasa hivi".
- Kila kambi ina kabati la chuma. Ndani yake kiingie chakula chote, taka, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka, nepi zilizotumika na maziwa ya mtoto. Pua ya dubu haitofautishi losheni ya nazi na nazi.
- Usioshe sufuria kwenye bomba la maji ya kunywa. Kwangua mabaki kwenye mfuko wa taka, kisha osha kwa beseni.
- Baada ya kula, piga magoti na tochi ya kichwani, okota punje za wali na vipande vya mkate chini ya meza. Watoto hufanya kazi hii vizuri wakishindanishwa.
- Ndani ya hema hakuingii hata pipi.

Na nyama choma? Inawezekana; sehemu za moto zina chuma cha kuchomea. Ila mifupa isitupwe porini kwa hoja kwamba "itaoza yenyewe". Kuni zinunuliwe karibu na kambi: kuokota zilizoanguka hakuruhusiwi, kwa sababu gogo linalooza ni makazi ya viumbe na chakula cha mche mpya, na kuni zilizotoka mbali hubeba wadudu. Pilau ya kupashwa moto kutoka nyumbani, kwenye chombo chenye kifuniko, huokoa shughuli yote hii usiku wa kwanza.

Saa nne usiku kelele zinakoma mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Spika ibaki garini. Jirani yako amengoja miezi sita aje asikilize matone.

## Haya, sasa dubu. Na elki, na puma

Dubu wa hapa ni dubu mweusi. Yule mkubwa wa rangi ya kahawia aliyechorwa kwenye bendera ya California alitoweka jimboni humo miaka ya 1920. Amebaki kwenye kitambaa tu. Dubu mweusi huwa mwoga, naye humkimbia binadamu kabla hajaonekana. Anachotaka ni chakula, na kabati la chuma limeshamaliza kesi hiyo. Ukikutana naye njiani usimkimbie. Simama, ongea kwa sauti, mpe nafasi apite. Akizidi kusogea, piga kelele, jifanye mkubwa, na akikushambulia pambana.

Anayestahili kuogopwa zaidi ya anavyoogopwa ni elki wa Roosevelt. Mgeni humwona amesimama kwenye nyasi za Prairie Creek, ametulia kama ng'ombe wa Mzee Fulani, na husogea apate picha. Dume lililokomaa linaweza kukaribia kilo 500, na pembe zake hazikuotea urembo. Nyakati mbili ni za hatari: Mei na Juni, majike yakiwa na ndama, na kuanzia Agosti hadi Oktoba, madume yakigombea majike. Mwongozo wa jumla wa hifadhi za taifa za Marekani ni kukaa mita 23 au zaidi kutoka kwa wanyama wengi, na mita 91 kutoka kwa dubu. Kwa macho tu, mita 23 ni urefu wa mabasi mawili. Elki akiacha kula na kukuangalia, umeshasogea mno. Wakizuia njia, rudi ulikotoka. Hata kama zimebaki hatua mia kufika kwenye gari.

Puma huonekana kwa nadra sana, ila yupo. Januari 2007, katika Prairie Creek, mzee wa miaka 70 alishambuliwa akitembea na mkewe. Mama huyo hakukimbia. Aliokota gogo akampiga nalo mnyama mpaka akamwachia mumewe, na mzee akapona. Somo lake ni hili: usitembee peke yako alfajiri au magharibi, watoto wasitangulie wala kubaki nyuma, na akitokea puma, usimpe mgongo.

Aliyezoea hifadhi ya Arusha, ambako mtalii hatembei bila askari mwenye bunduki, huona ajabu kuachwa aende peke yake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna nyati wala tembo. Kinachobaki ni nidhamu ya mtembeaji mwenyewe.

Tazama juu pia. Tangu 2022, watu wa kabila la Yurok, wenyeji wa eneo hili, wakishirikiana na hifadhi, wamekuwa wakiachia kondori wa California, tai mzoga mkubwa ambaye hakuwa ameonekana kwenye anga hiyo kwa zaidi ya karne moja.

## Kutembea

Njia chache zinazofaa, kwa nguvu za mtu:

- Stout Grove, chini ya kilomita moja, tambarare. Bibi na mjukuu watamaliza pamoja. Nenda jioni, miale ikipenya kwa mshazari.
- Lady Bird Johnson Grove, kama kilomita mbili na nusu, nzuri kwa asubuhi ya ukungu.
- Boy Scout Tree, kilomita tisa hivi kwenda na kurudi. Hii ndiyo ya kuchagua kama nafasi ni ya njia moja tu. Baada ya nusu saa huwezi kusikia gari.
- James Irvine na Miners' Ridge, mzunguko wa takriban kilomita 19 unaofika hadi baharini. Anza saa moja asubuhi.
- Fern Canyon, korongo lenye kuta zilizofunikwa makangaga, ambako sehemu ya filamu ya pili ya *Jurassic Park* ilipigwa. Kati ya Mei 15 na Septemba 15 gari linahitaji kibali kilichokatwa mapema. Miguu italowa, usivae viatu vyako vya pekee.

Makosa yanayojirudia:

Kuutafuta Hyperion. Hakuna njia ya kwenda huko. Watu walipasua vichaka, wakashindilia mizizi na kuacha vinyesi, hadi mwaka 2022 hifadhi ikapiga marufuku eneo lote: faini ya hadi dola 5,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Na ukisimama chini yake huoni kilele. Unaona gome, kama chini ya mti mwingine wowote.

Kuacha njia kwa ajili ya picha. Grove of Titans, katika Jedediah Smith, ilikanyagwa hivyohivyo baada ya mahali pake kuvuja. Leo kuna kijia kilichoinuliwa juu ya ardhi cha takriban mita 400, na makangaga yanarudi. Kitumie.

Kuhesabu kwa kilomita za mjini. Mzizi, tope na gogo la kuruka hupunguza mwendo. Panga kilomita tatu kwa saa, na kwa watoto mbili.

Kwenda bila tochi. Simu siyo tochi. Ikizimika, giza la msitu huu halina hata nyota.

## Jani linalobabua, na wimbi lisilopiga hodi

Kuna mmea uitwao poison oak, wenye majani matatumatatu yanayong'aa, unaopenda kingo za njia zenye jua. Utomvu wake hubabua ngozi. Watu wa Mtwara na Lindi wanamjua ndugu yake: ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na sumu yake inafanana na mafuta ya ganda la korosho mbichi. Ukigusa, osha mapema kwa sabuni na maji baridi, pamoja na nguo na viatu. Usiuchome moto, kwa kuwa moshi wake huingia mapafuni. Jioni kagueni kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele.

Pwani ni nzuri na ni katili. Bahari hii siyo ya Kizimkazi. Maji ni ya barafu, na wimbi kubwa hutokea ghafla kati ya mawimbi madogo, likamchota aliyesimama kwenye mchanga mkavu. Usiipe bahari mgongo. Ardhi ikitetemeka ukiwa ufukweni, usingoje king'ora: panda mlimani, ukae huko. Machi 1964, tetemeko la Alaska lilileta tsunami katika Crescent City, mji ulio jirani na hifadhi hizi, na zaidi ya watu kumi walikufa. Wimbi lililoua zaidi halikuwa la kwanza. Baadhi ya watu walikuwa wamesharudi kutazama hasara.

## Na asiyepata nafasi?

Hifadhi ya Humboldt Redwoods, karibu zaidi na San Francisco, ina kambi zake, barabara ya Avenue of the Giants, na msitu wa Rockefeller ambao ni kipande kikubwa kuliko vyote cha redwudi wakongwe kisichokatika. Kwa uaminifu, anayeanza safari kutoka San Francisco na ana siku mbili tu aende huko, asijichoshe hadi Crescent City. Muir Woods iko jirani na jiji, lakini hairuhusu kambi, na maegesho hukatwa kabla.

## Asubuhi ya kuondoka

Amka kabla ya jua, hata kama ni siku moja tu. Kati ya Aprili na Julai, wakati huo ndipo murrelet hupita juu ya miti akirudi baharini au akileta samaki mmoja mdomoni, akitoa mlio mkali mfupi. Hutamwona. Utasikia, kisha kimya.

Halafu kazi: mwaga maji kwenye majivu, koroga, mwaga tena mpaka mkono uyaguse bila kuungua. Kung'uta hema, hesabu vigingi, funga taka, pitisha jicho chini ya meza mara ya mwisho. Na kabla ya kuvaa viatu vilivyolala nje, vipindue. Msitu huu una koa wa manjano, mrefu kama ndizi na mwenye jina lake, anayependa mahali penye unyevu, na ute wake hutia ganzi ulimi wa mbwa anayemramba. Kumtoa kwa kijiti ni rahisi kuliko kumtoa kwenye soksi.